Kibarua cha Krismasi Kiwe Ajira
(Mazungumzo na vijana wa madukani, Sherikat)

Bidhaa za Krismasi hufika Sherikat kwa barabara ya Nimule, na maduka huongeza vibarua. Januari wateja hupungua, vibarua huachwa. Usiingoje siku hiyo.

Andika katika daftari kila siku uliyofanya kazi na malipo uliyopokea. Jifunze kuhesabu mali iliyobaki dukani. Kazi hiyo tajiri huihitaji hata Januari. Kabla ya sikukuu kwisha, mwombe mkataba wa maandishi: kazi, mshahara, muda.

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 humhesabu kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima kuwa mwajiriwa wa mwezi. Sudan Kusini ina Sheria ya Kazi ya 2017. Lakini sheria hutaka ushahidi. Tunzeni madaftari.