Gari la 4x4 Lililotumika: Litazamwe Uvunguni Kabla ya Rangi

Mazungumzo kwa wakazi wa kata na vikundi vya uzalishaji mali



Barabara ya lami inayotoka Bagamoyo kupitia Makofia hadi Msata, kilometa 64, imerahisisha safari kwa kiasi ambacho wengi wameanza kusahau kwamba shamba halipo kando ya lami. Mkulima wa Yombo, Fukayosi au Makurunge akishaiacha barabara kuu hukutana na mchanga wakati wa kiangazi na tope la udongo mweusi wakati wa masika. Mwenye majaruba ya mpunga katika bonde la mto Ruvu anajua jinsi mvua ya usiku mmoja inavyoweza kulifanya gari dogo liwe pambo la uani kwa wiki nzima. Ndiyo sababu katika vikundi vya wakulima, wafugaji na wavuvi hayakosekani mazungumzo ya kuchanga fedha na kununua gari la 4x4 lililotumika.

Uamuzi huo si mdogo. Kwa kaya nyingi, gari hugharimu kuliko nyumba ambayo litaegeshwa mbele yake. Kwa kikundi, jambo ni zito zaidi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, lakini una marejesho. Kikundi kilichonunua gari bovu huendelea kudaiwa marejesho yaleyale, gari likiwa barabarani au likiwa juu ya mawe gereji. Na fedha isiyorejeshwa ndiyo ambayo kikundi kingine kilicho kwenye foleni kingekopeshwa.

Kabla ya kwenda yadi, ni vema mnunuzi ajiulize kama kazi yake inahitaji gari la namna hiyo. Anayebeba magunia machache ya mihogo kutoka shamba la karibu huhudumiwa vizuri na pikipiki ya magurudumu matatu, na anayelima msimu mmoja kwa mwaka hupata nafuu kwa kukodi. Gari la 4x4 hula mafuta mengi, tairi zake ni ghali, na kila kiungo kinachoyapa nguvu magurudumu ya mbele ni kiungo kingine cha kuharibika. Linamfaa yule ambaye njia mbaya ni kazi yake ya kila wiki.

Akishaamua, atambue kwamba si kila gari lililoinuka ni la kazi. Magari kama Toyota RAV4 na Nissan X-Trail huweza kuvuta kwa magurudumu manne, ni ya starehe, na kwa mchanga mwepesi hujitahidi. Lakini hayana chasisi iliyojitenga na bodi, wala hayana gia nzito, ile inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu gari linapojinasua kwenye tope likiwa na mzigo. Toyota Hilux ya 4x4, Land Cruiser za mfululizo wa 70, Land Rover Defender za muundo wa zamani, na hata Suzuki Jimny kwa mwenye mzigo mdogo, yana vyote viwili. Tofauti hiyo haionekani kwa macho ya mpita njia, na madalali si wepesi wa kuitaja.

Umri wa gari si kipimo pekee. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilianza kutengenezwa mwaka 1984, na nyingi zina injini ya dizeli ya 1HZ, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, isiyo na turbo. Ni injini nzito na ya taratibu, lakini mafundi wengi wanaifahamu na vipuri vyake havihitaji kuagizwa ng'ambo. Injini mpya za dizeli zinazoongozwa kwa kompyuta zina nguvu zaidi na hubana matumizi, ila nozeli zake hazivumilii mafuta yenye maji au uchafu, na seti mpya inaweza kumeza faida ya msimu mzima. Anayenunua mafuta ya madumu kijijini alifikirie hilo. Jambo la kuuliza ni hili: likiharibika Makurunge siku ya Jumapili, fundi gani wa karibu analijua?

Sasa yafuata yaliyo muhimu kuliko yote kwa mkazi wa pwani. Mzee anayenunua jahazi hababaishwi na rangi mpya ya ubavuni. Husubiri maji yapwe, chombo kikae mchangani, kisha huinama na kugonga mbao za chini karibu na mkuku huku akisikiliza mlio. Gari la 4x4 hununuliwa vivyo hivyo, kwa sababu adui ni yuleyule: chumvi.

Chumvi hulifikia gari kwa njia mbili. Magari mengi yaliyotumika huletwa kutoka Japani, na katika maeneo ya kaskazini ya nchi hiyo, hususan Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha theluji. Gari huweza kushuka bandarini Dar es Salaam liking'aa juu na kuoza chini. Njia ya pili ni ya hapa nyumbani. Gari lililokuwa likishuka ufukweni kupakia samaki, au kubeba magunia kutoka kwenye mashamba ya chumvi kama yale ya Nunge, hubeba maji ya bahari uvunguni, na tope likiingia ndani ya chasisi huhifadhi unyevu huo kwa miezi.

Kwa hiyo gari lipandishwe juu ya shimo la gereji, mchana, na fundi asiye na uhusiano na muuzaji. Achukue bisibisi nene na nyundo ndogo, agonge chasisi kuanzia mbele hadi nyuma, hasa pale springi za nyuma zinaposhikiliwa, juu ya tangi la mafuta, na kwenye maungio ya mataruma. Chuma kizima hutoa mlio mkali. Kilichooza hutoa mlio mfu, na bisibisi huzama. Kutu ya juujuu isiyobanduka si sababu ya kulikataa gari. Gari la miaka 20 lisilo na kutu hata kidogo, tena lililopakwa rangi nyeusi mbichi uvunguni, ndilo la kutiliwa shaka. Alama za kuchomelea pia ziulizwe: nani alichomelea, lini, na kwa nini. Injini iliyochoka hubadilishwa, gia boksi hubadilishwa, lakini chasisi iliyooza haina fundi, na muuzaji anayekataa gari lisipandishwe shimoni amekwisha kutoa jibu.

Injini ijaribiwe ikiwa baridi. Mnunuzi aguse boneti kwanza. Ikiwa ya moto, gari lilikwisha kuwashwa kabla yake, na huenda ni kwa sababu hugoma asubuhi. Moshi wa bluu ni dalili ya kuchoma oili. Moshi mweupe usiokoma hata baada ya injini kupata moto huweza kuwa maji yanaingia kwenye silinda, na mweusi mzito huelekeza kwenye nozeli au hewa. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji. Oili ya difu nayo ichunguzwe kwa jicho hilohilo, kwani gari lililovuka mito kwa miaka mingi hunywa maji huko kabla ya mahali pengine. Kwa injini ya 1HZ, iulizwe pia lini mkanda wa taiming ulibadilishwa. Kawaida ni takriban kila kilometa 100,000, na asiyekuwa na risiti ahesabiwe kuwa hajabadilisha. Namba ya kilometa kwenye dashibodi haitoshi kuwa ushahidi, maana hurudishwa nyuma. Pedali iliyolika, kiti kilichobonyea na usukani uliong'aa kwa mikono husema kweli zaidi.

Kisha magurudumu ya mbele yafungwe na gia nzito iwekwe, gari liende polepole na kukata kona pande zote mbili. Jaribio hili lifanywe kwenye mchanga au udongo, kamwe si kwenye lami kavu, ambako magurudumu hushindwa kuteleza na viungo hujikaza hadi kuvunjika. Mgongano wa vyuma, au gia inayojiondoa yenyewe, ni gharama. Muuzaji akisema gia hiyo haijatumika miaka mingi, huenda anadhani anasifu.

Kuhusu nyaraka, namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma isomwe na kulinganishwa na kadi ya usajili, tarakimu kwa tarakimu. Kadi halisi isipoonekana, huenda imewekwa dhamana ya mkopo. Faini za barabarani na bima vikaguliwe kwa namba ya gari katika mifumo ya Polisi na ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Anayeagiza mwenyewe kutoka nje atumie kikokotoo cha kodi kilichopo kwenye tovuti ya TRA kabla ya kulipa, kwani kodi na ushuru wa uchakavu huweza kukaribia au kupita bei ya gari lenyewe. Mauziano yaandikwe mbele ya mwanasheria, na umiliki uhamishwe TRA mapema. Gari lililobaki kwa jina la mwenye zamani ni mzozo unaosubiri siku yake.

Kwa vikundi, gari lisajiliwe kwa jina la kikundi na kwa TIN ya kikundi, si kwa jina la mwenyekiti, hata awe mwaminifu kiasi gani. Mwenyekiti akifariki au akihama, warithi wake watakuwa na kadi na wanakikundi watakuwa na deni. Bajeti iache pia fedha za tairi, betri, mikanda na kubadilisha oili zote mwezi wa kwanza, na kikao kiamue mapema nani atakuwa dereva na nani ataliosha gari uvunguni kwa maji matamu kila lirudipo kutoka ufukweni. Vikundi vinavyokusudia kuombea mkopo gari viwaone Maafisa Maendeleo ya Jamii wa kata zao kabla ya kulipa kishika uchumba kwa muuzaji yeyote.