Mafuta Yanayobaki Kwenye Mashudu
Mazungumzo kwa wakulima wa alizeti na njugu, Malakisi



Mkulima akipeleka alizeti kwenye mashine, macho yake hukaa kwenye mtungi wa mafuta. Leo atazame pia yanakotokea mashudu, maana huko ndiko pesa yake hupotelea.

Mbegu nzuri ya alizeti hubeba mafuta asilimia 35 hadi 45 ya uzito wake. Chukua gunia la kilo 50 lenye asilimia 40: hizo ni kilo 20 za mafuta. Mashine ikitoa kilo 12, kilo 8 zimebaki kwenye mashudu. Hakuna mashine inayokamua yote, lakini hasara hiyo yaweza kupunguzwa.

Mwaka 1985, nchini Tanzania, Carl Bielenberg alibuni mashine ya kukamua kwa mkono. Baadaye shirika la ApproTEC, ambalo leo huitwa KickStart, likaleta ya Kenya, Mafuta Mali. Mpini mrefu husukuma pistoni, pistoni hugandamiza mbegu, mafuta hupenya matundu membamba, na mashudu hutokea mwishoni. Njia hiyo ya mwisho ikibanwa, mgandamizo huongezeka. Mashine za injini hutumia skrubu, lakini kanuni ni ile ile.

Basi mkulima afanye haya:

Kwanza, apande alizeti ya ganda laini yenye mafuta mengi. Ganda gumu huishinda mashine ya mkono.

Pili, akaushe mbegu vizuri na kuzianika juani kabla ya kukamua. Mbegu yenye joto huachilia mafuta kwa urahisi. Mbichi hugeuka uji ndani ya mashine.

Tatu, aminye mashudu mkononi. Yakiacha mafuta mengi vidoleni, amwombe mwenye mashine abane zaidi.

Nne, na hili ni la uhai: njugu au mbegu zenye ukungu zisikamuliwe. Mashine haiondoi sumu ya aflatoksini. Nyingi hubaki kwenye mashudu. Ng'ombe akiyala, sumu huingia kwenye maziwa ya watoto. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

Mwenye swali amwone afisa wa kilimo wa wadi yake kabla ya mavuno, si baada ya gunia kuharibika.