Mlima Pia ni Haki ya Asiyeona
(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Mlandege, Zanzibar)



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya haki za ndugu zetu wasioona. Mara nyingi mada hii huishia kwenye sadaka na fimbo nyeupe. Leo twapenda kuitazama kutoka mlimani, maana huko hudhihirika upesi kama twamheshimu asiyeona au twamwonea huruma tu.

Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuliwa kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Miongoni mwa waliojeruhiwa Nairobi alikuwamo Mkenya Douglas Sidialo, ambaye alipoteza macho yote mawili. Mwaka 2005 Sidialo alipanda Mlima Kilimanjaro hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, katika msafara mmoja na Mmarekani Erik Weihenmayer, naye asiyeona, aliyefika kilele cha Everest mwaka 2001.

Je, hupandaje? Penye njia pana, asiyeona hushika mkono wa mwongozaji juu kidogo ya kiwiko, akafuata nusu hatua nyuma. Njia ikiwa nyembamba, mwongozaji hutangulia, pengine na kengele ndogo mkobani, na mwenzake huifuata sauti yake huku akipima ardhi kwa fimbo mbili. Mwongozaji husema: jiwe kushoto, shimo mbele, panda hatua ndefu. Akinyamaza, mwenzake atajikwaa. Akimvuta, wataanguka wote wawili. Kazi yake ni kutoa habari za kweli kwa wakati wake. Mguu utue wapi, huamua mwenye mguu. Kuteremka ndiko kugumu zaidi, kwa kuwa miguu imechoka na changarawe huteleza. Kutangulia si kufika.

Wako wanaouliza: asiyeona akaone nini mlimani? Twawajibu kwamba wapandaji wengi wa Kilimanjaro huianza sehemu ya mwisho karibu na usiku wa manane, nao wenye macho huona hatua chache tu mbele ya taa zao. Baridi, upepo, harufu ya msitu, uchovu na furaha ya kufika ni vya wote. Tena, ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, yataja waziwazi haki ya kushiriki burudani na michezo.

Ndugu zetu, Unguja haina mlima. Lakini kutoka hapa Mlandege kwenda Darajani, kwa asiyeona, ni safari ya kupanda: bidhaa zimetandazwa njiani, mitaro iko wazi, pikipiki zapita bila kungoja. Na tunapopanga hija au matembezi ya vijana, mara ngapi asiyeona huachwa nyumbani kwa maneno mazuri, eti asije akaumia? Hakuulizwa. Bartimayo alipopaza sauti njiani, Bwana alimwuliza kwanza anataka nini, ingawa haja yake ilionekana na kila mtu.

Kwa hiyo twaziomba jumuiya ndogondogo mambo matatu. Kwanza, tumwulize mwenyewe kama anataka kwenda, na anataka kuongozwa namna gani; tusimkamate fimbo wala kumsukuma mgongoni. Pili, vijana wetu wajifunze kuongoza kabla ya siku ya safari, na anayewafundisha awe mwenyewe asiyeona. Tatu, gharama za mwongozaji ziingizwe katika bajeti ya safari nzima. Asiyeona akidaiwa nauli ya watu wawili, tumemfungia mlango kwa adabu. Na wafanyabiashara miongoni mwetu waipishe njia kuanzia kesho asubuhi; hilo halihitaji bajeti.

Mwongozaji mwema hajitwalii kilele cha mwenzake. Humpa mkono wake na neno la kweli, kisha wakafika pamoja. Haki kati ya jirani na jirani haina budi kufanana na hiyo.