Kilo za Mei, Mzani wa Novemba

Msikilizaji wa Masasi, na wewe wa Newala, mwezi Mei mikorosho haijatoa hata ua, lakini mtu na daftari lake anakuuliza utapeleka kilo ngapi ghalani. Unampa namba. Umeitoa wapi? Kwenye idadi ya miti, mavuno ya mwaka jana, salfa uliyopata, ubwiriunga unaouhofia. Hiyo, usicheke, ni modeli.

Wanasayansi wa bahari hufanya vivyo hivyo kwa kompyuta. Wanaikata bahari miraba, kila mraba wanaupa mwanga, rutuba na planktoni za mimea, vijimea vinavyofyonza kaboni dioksidi kama jani la mkorosho. Vikifa au vikiliwa, sehemu ya mabaki huzama na kaboni yake. Kiasi gani kwa mwaka? Hapo daftari huvurugika: wapo wanaosema tani bilioni 5 za kaboni, wapo wanaofika 12. Karani wa ghala angeniletea hesabu hiyo, tungegombana.

Kwa hiyo kadirio la modeli, liwe la bahari au la hali ya hewa, hutafutiwa mzani, na mzani mmoja umetoka kwa jirani zetu. Kijijini Stakishari, mkoani Lindi, Paul Pearson wa Chuo Kikuu cha Cardiff na wenzake, akiwemo Joyce Singano wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC), walichimbua udongo wa mfinyanzi uliokuwa sakafu ya bahari miaka takriban milioni 34 iliyopita. Ndani yake mlikuwa na magamba ya foraminifera, vijidudu vinavyoelea baharini lakini si vijimea, magamba madogo kama chembe za mchanga. Kwingi magamba ya umri huo yameharibika. Haya mfinyanzi uliyafunga, yakabaki yanang'aa kama kioo. Boroni iliyomo ilionyesha uchachu wa bahari ya enzi hizo, na uchachu ukaitaja hewa: Antaktika ilipoanza kujaa barafu, kaboni dioksidi ilikuwa imeshuka hadi sehemu kama 760 katika milioni. Leo tumevuka 420. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 2009. Modeli ya mwaka 2003 ya barafu ya Antaktika ilikuwa imekisia karibu hapo hapo.

Ila mimi sijaridhika. Nje ya pwani yetu mkondo wa bahari kutoka mashariki hugawanyika, huku ukipanda Zanzibar, huku ukishuka Msumbiji. Katika modeli nyingi za dunia nzima, mraba mmoja una kama kilomita 100 kila upande. Miji ya Lindi na Mtwara inaweza kuingia humo pamoja. Hapo ni kukisia korosho za Newala yote kwa kuutazama mkorosho mmoja wa kando ya barabara.