Maji ya Mfereji au Maji ya Kuchujwa? Mazungumzo kwa Vikundi Vinavyopanda Bila Udongo

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa vikundi vya kujisaidia vya Gitothua, Ruiru. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi vya mahali pengine navyo vifaidike.)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo moja tu, nami nitajaribu kukaa hapo hapo. Vikundi kadhaa vimeanza kupanda bila udongo, yaani kilimo cha haidroponiki. Wengine wana letisi na spinachi katika mabomba ya plastiki. Wengine wanaotesha shayiri kwenye trei iwe lishe ya ng'ombe. Sababu yake mnaijua kuliko mimi. Mashamba ya kahawa yaliyotuzunguka yanazidi kukatwa ploti, na mtu mwenye futi 50 kwa 100 akishajenga nyumba na choo hana tena mahali pa kupiga jembe.

Sasa limekuja swali, na ni swali la pesa. Je, tutoe akiba ya kikundi tununue mashine ya kuchuja maji, au maji ya mfereji yatatosha? Pesa hizo ni michango ya kila wiki, na wapo wanaozitegemea kwa karo ya Januari. Mkinunua mashine ambayo haikuhitajika, mnajua vile mkutano utakaofuata utakuwa.

Mimi nasema hivi: msinunue chochote kabla hamjajua maji yenu yana nini ndani. Na kwa wengi waliokaa hapa, nadhani mtaona mashine haihitajiki.

Neno hili "kuchuja" linatuchanganya, kwani linatumika kwa kazi tatu zilizo mbali kabisa. Kuna kuchuja kwa kitambaa au mchanga. Huko unaondoa takataka na matope, na mchanga ukitengenezwa vizuri hupunguza hata vijidudu. Lakini chumvi iliyoyeyuka inapita kama kawaida. Kuna kuchuja kwa mkaa maalum, ambao unashika klorini, harufu na rangi. Huo nao chumvi hauigusi. Halafu kuna ile mashine ya bei kubwa, inayosukuma maji kwa nguvu katika utando mwembamba sana, kama zile za vibanda vinavyouza maji ya kunywa. Hiyo ndiyo inayoondoa chumvi, tena karibu zote, nzuri na mbaya pamoja.

Kwa hivyo mtu akikuuliza "mnachuja maji?" muulize kwanza, "kuchuja nini kitoke?" Hebu tutazame mfano wa wenzetu wa Nakuru. Kule Bonde la Ufa maji mengi ya visima yana floraidi, ambayo inawaharibu watoto meno yakawa ya kahawia. Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza mwaka 1998 mradi wa kuyachuja kwa mkaa wa mifupa. Si mkaa wa miti. Huo haushiki floraidi. Walijua adui yao ni nani, wakatafuta chujio la adui huyo. Letisi nayo haina meno, na floraidi ya kiasi hicho haiisumbui sana. Adui wa mimea yetu ni mwingine.

Ni nani? Watu wengi hutaja klorini. Wanasema maji ya mfereji yana dawa, yataua mizizi. Klorini inayobaki katika maji ya mfereji kwa kawaida huwa chini ya miligramu 1 katika lita, na mboga huvumilia kiasi hicho. Ukiwa na wasiwasi, jaza pipa, liache wazi siku moja juani, koroga mara mbili tatu, klorini itatoka yenyewe. Hiyo haihitaji mashine wala shilingi moja.

Na kwa wale wa shayiri, klorini ni rafiki. Lishe ya trei haihitaji mbolea, inahitaji maji tu kwa siku 7 au 8. Adui wake mkubwa ni ukungu, kwa sababu mbegu zimelala pamoja, kuna joto na kuna unyevu. Maji yenye klorini kidogo yanazuia ukungu kuliko maji yaliyoondolewa klorini. Kwa hivyo mtu wa lishe anayenunua maji ya kuchujwa anatoa pesa ili ajiongezee shida! Osheni trei kila baada ya kuvuna, mbegu zioshwe zikielea takataka zitolewe, na lishe ikiota ukungu itupwe. Usimpe ng'ombe, wala usiseme "nitakata tu hapa palipooza," kwani sumu ya ukungu haionekani kwa macho.

Nikiwa hapo kwenye lishe niseme lingine, ingawa sikuombwa. Kilo 1 ya shayiri inatoa kilo 6 au 7 za lishe mbichi, ndiyo, lakini uzito ulioongezeka ni maji. Chakula kikavu hakikuongezeka; kinapungua kidogo. Ng'ombe bado anataka nyasi zake.

Haya, turudi kwa mboga. Shida yenyewe ni chumvi, na hapa ni lazima mjue maji yenu yanatoka wapi. Maji ya mito inayoshuka kutoka milima ya Nyandarua, kama Ruiru na Karimenu, kwa kawaida ni laini, yana chumvi chache. Kama mfereji wenu unaleta maji ya mto yaliyosafishwa, hayo ni maji mazuri ya kupandia, karibu tu sawa na ya kununua. Lakini mfereji mwingine umeunganishwa na kisima kirefu cha mwenye ploti. Mwingine unaleta ya mto wiki hii, na mgao ukikaza mnaletewa na lori, na lori limejaza kisimani. Yote tunayaita "maji ya mfereji". Mimea haiyaiti hivyo.

Maji ya visima virefu vya upande huu wa Nairobi mara nyingi yana sodiamu na baikaboneti kwa wingi, kwani yamekaa muda mrefu ndani ya mawe ya volkano. Wazee walitufundisha kupima maji kwa sabuni: ikikataa kutoa povu, maji ni magumu. Kipimo hicho ni cha kweli kwa kufua nguo. Kwa mimea kinaweza kudanganya, kwa sababu maji yenye sodiamu hutoa povu zuri tu! Ugumu unaletwa na kalisi na magnesi, ambazo mimea inazila. Sodiamu mimea karibu haiitaki kabisa. Kwa hivyo maji yanayompendeza mama akifua yanaweza kuwa ndiyo yanayoiumiza letisi.

Sodiamu inaumiza vipi? Fikirieni sufuria ya mchuzi iliyosahauliwa jikoni. Maji hupungua, chumvi hubaki, mchuzi unazidi kuwa mkali. Pipa lenu ni hivyo hivyo. Mimea inakunywa maji na kula mbolea, inaiacha sodiamu. Nyinyi mnaongeza maji yale yale kila asubuhi. Baada ya wiki tatu ncha za majani zinaungua, na mtu anasema mbegu za siku hizi ni mbaya.

Baikaboneti nayo inafanya kazi nyingine. Inapandisha pH. Mboga katika maji zinataka pH kati ya 5.5 na 6.5 hivi. Ikipanda ikafika 7.5 au 8, madini ya chuma yamo ndani ya pipa lakini mizizi haiwezi kuyachukua. Utaona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Tafadhali shikeni sana ishara hiyo. Mkulima anaona manjano anafikiri ni njaa, anaongeza mbolea, chumvi inazidi, mmea unazidi kuumia. Angepima pH kwanza angetumia matone machache ya asidi badala ya kilo ya mbolea.

Asidi ya fosfori inayouzwa kwa kazi hii hutumika kidogo kidogo: weka, koroga, ngoja, pima tena. Asidi ndiyo huwekwa ndani ya maji. Usimwage maji juu ya asidi, itakurukia. Vaa glavu, funika macho, na chupa ikae mahali mtoto hafiki. Ndimu inashusha pH pia, lakini haidumu, kwani vijidudu vinaila na pH inapanda tena. Ndimu ibaki kwa chai.

Basi vipimo. Nunueni mita ndogo mbili, ya pH na ya kupima chumvi. Vikundi viwili au vitatu vinaweza kuchanga mkanunua pamoja. Kwa mita ya chumvi, maji matupu kabla ya mbolea yakisoma chini ya milisimensi 0.5, furahini, mashine hamhitaji. Mita nyingi za bei nafuu huandika ppm, na hapo 250 ni karibu sawa na hiyo 0.5. Yakiwa kati ya 0.5 na 1, tumieni lakini mmwage maji ya pipa na kuanza upya mara kwa mara. Hayo mnayomwaga yamwagilieni ndizi. Yakipita 1, ndipo tuanze kuongea habari ya kuchanganya na maji mengine.

Mita inahesabu chumvi zote pamoja, haisemi ni ipi. Kwa maji ya kisima, ni vyema mara moja mpeleke chupa kwa maabara, kama zile za KALRO kule Kabete. Chupa isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale, ijazwe mpaka juu, iandikwe tarehe na mahali. Waambieni mnataka sodiamu, baikaboneti, kalisi na magnesi. Ada hiyo mtalipa mara moja. Mashine mtailipia kila mwezi, kwa umeme na kwa kubadilisha machujio.

Hebu tupige hesabu. Tuseme kikundi kina pipa la lita 200, linabadilishwa kila wiki mbili, na katikati mnaongeza lita 100. Hiyo ni lita 300 kwa wiki mbili, lita 600 kwa wiki nne. Ni mitungi 30 ya lita 20. Zidisheni kwa bei ya mtungi pale kibandani kwenu, kisha mlinganishe na pesa za letisi mliyouza. Nafikiri wengine mtanyamaza. Mkitaka mashine yenu wenyewe, mkumbuke ndogo za nyumbani hutupa lita 3 au hata zaidi ili zitoe lita 1 safi. Katika mahali pa mgao hiyo si hesabu ndogo. Halafu maji hayo safi hayana kalisi wala magnesi, kwa hivyo itawabidi mnunue kalisi naitreti na chumvi ya Epsom mrudishe kile mlicholipa kiondolewe.

Kuna maji mengine machache chumvi ambayo hayana bili, nayo ni ya mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 6 kwa 8 ni mita za mraba 48, na mvua ya milimita 20 inaleta lita 960. Toeni yanayopotea, bado mna kama 800. Ile ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ipite, inaosha vumbi na mavi ya ndege. Kikundi chenye kisima cha chumvi kikichanganya nusu kwa nusu na ya mvua, chumvi inapungua karibu nusu. Kama ni lazima akiba itoke, mimi ningeitoa kwa tangi na mifereji ya paa kabla ya mashine.

Na msiniamini kwa maneno tu. Chukueni mabeseni mawili, miche mitano mitano ya siku moja, mbolea ile ile kwa kipimo kile kile. Moja litiwe maji ya mfereji, la pili maji ya kununua yaliyoongezwa kalisi na magnesi. Wiki nne. Pimeni uzito kwa mizani ya duka, kikundi kizima kikitazama.

Baada ya mazungumzo kulikuwa na maswali. Tumechapa mawili.

Swali: Tukichemsha maji ya kisima, chumvi itatoka?

Jibu: Sodiamu haitoki. Maji yanapungua na chumvi inabaki, ile hadithi ya mchuzi. Ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika ni kalisi, na hiyo ndiyo tuliyotaka ibaki kwenye maji. Mtakuwa mmechoma makaa kwa kuondoa kilicho kizuri.

Swali: Mto Ruiru uko karibu na maji yake ni laini, umesema mwenyewe. Kwa nini tusichote huko?

Jibu: Laini si safi. Mto ukifika hapa umepita kwenye makazi ya watu wengi. Letisi inaliwa mbichi, na maji ya pipa yanagusa mikono yenu mkivuna. Typhoid na kipindupindu hazionekani kwenye mita ya chumvi. Kwa mboga ya kuliwa mbichi tumieni maji ya mfereji yaliyotiwa dawa, au ya mvua kutoka tangi lililofunikwa. Ya mto yapelekeni kwa napier, na mnawe mikono mkirudi.