Chumvi, Chupa na Gunia la Mahindi

Msikilizaji, mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo hutengenezwa na ukungu, huharibu ini, na kuichemsha jikoni hakuiondoi. Ugali unaweza kuiva vizuri, ukanukia, na sumu imo.

Kinga huanzia kwenye kukausha. Kupima kama mahindi yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kiasi cha konzi moja, kisha mahindi hadi robo ya chupa. Funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Yarudishe yakauke juu ya turubai, si chini kwenye udongo.

Yakishakauka, ndipo uje mfuko wa kuhifadhia wa tabaka tatu, uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliohangaika na wadudu wa kunde huko Kameruni. Ukifungwa barabara, hewa huwaishia wadudu, wakaacha kutafuna, wakafa. Hakuna haja ya dawa, na mimi hilo ndilo lililonivutia. Ila ukifungia mahindi yenye unyevu humo, ukungu nao unaweza kuota.