Dawa Isiyojulikana Ilikotoka



Huenda mnajiuliza kwa nini polisi wazungumzie vidonge ilhali waganga wapo. Tumezoea kuupima usalama kwa bunduki iliyokamatwa na ng'ombe aliyerudishwa. Lakini mpaka hauvukwi na watu na mifugo pekee. Katoni nazo huvuka, na kilichomo huishia kinywani mwa mtoto. Ombi letu ni moja: msinunue dawa isiyojulikana ilikotoka.

Tuwakumbuke jirani zetu wa Ituri, mkoa wa Kongo unaopakana na Uganda. Tangu mwisho wa 2014 hadi katikati ya 2015, mamia ya watu waliugua ghafla: shingo zimepinda, nyuso zimekakamaa. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni homa ya uti wa mgongo. Vidonge walivyomeza vilipopimwa, ukweli ulijitokeza. Vilivyouzwa kwa jina la diazepamu, dawa ya kutuliza, vilikuwa na haloperidoli, dawa ya maradhi ya akili. Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari mwaka 2015. Madhara yale hayakuhitaji bunduki. Jina la uongo juu ya kopo lilitosha.

Hapa kwetu, sheria ya mwaka 1993 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, ambayo ina ofisi hapa Mbarara. Pakiti halali hutaja jina la dawa, nguvu yake, mtengenezaji na mahali alipo, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kwisha muda, na namba ya toleo. Namba hiyo ndiyo nyayo za dawa. Toleo moja likigundulika kuwa bovu, huifuata namba kutoka dukani hadi kwa muuzaji wa jumla, na kutoka kwake hadi kiwandani, likaondolewa kabla halijamfikia mgonjwa mwingine. Kidonge kilichofungwa katika kipande cha gazeti hakina nyayo. Mhudumu akiwahesabia vidonge, mwombeni kwa adabu awaonyeshe kopo vilimotoka.

Tunafurahi kwamba nchi yetu nayo hutengeneza. Kiwanda cha Luzira kilichofunguliwa mwaka 2007 hutoa dawa za virusi vya UKIMWI na za malaria. Cha Mukono hutoa maji ya dripu. Umuhimu wake tuliuona mwaka 2021. Chanjo za kwanza za korona zilitujia Machi kutoka India, kisha India ikabana usafirishaji ili iwaokoe watu wake, nasi tukabaki kungoja. Taifa lisilo na dawa yake hungoja huruma ya wengine.

Hata hivyo, hatusemi kwamba dawa ya kigeni ni adui. Nyingi tunazozitegemea hutoka nje, nazo ni halali zikisajiliwa. Vilevile, anayejaza vidonge katika chumba cha uani na kubandika jina la Uganda ametenda kosa, hata kama ni mzalendo wa kuzaliwa. Nanyi mkikuta dukani dawa yenye chapa ya Serikali ya Uganda na maneno ya kukataza isiuzwe, jueni kwamba kuna mgonjwa katika kituo cha afya aliyerudi nyumbani mikono mitupu.

Tunafahamu kwamba wengi wenu, hasa mliokimbia vita, mnauogopa mlango wa polisi. Tunatamka mbele ya viongozi wenu: mgonjwa aliyeuziwa dawa ya uongo kwetu ni shahidi, si mshtakiwa. Wala kabila au nchi ya muuzaji si ushahidi. Ushahidi ni pakiti. Mkimshuku muuzaji, msimpige wala msivunje duka lake. Kipigo hakimtaji aliyemletea mzigo.

Mtu akidhurika, mpelekeni kwanza kituo cha afya pamoja na vidonge vilivyobaki. Tunzeni pakiti, kumbukeni duka na siku ya kununua, kisha mwarifuni mwenyekiti wenu, ofisi ya Mamlaka ya Dawa au kituo cha polisi kilicho karibu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa moja kati ya kumi ni hafifu au bandia. Hakuna askari wa kutosha kusimama mbele ya kila duka. Lakini kila nyumba ina macho ya kuisoma pakiti, na asiyejua kusoma ana mtoto wa shule.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tusiyafiche.

Kwa Mungu na nchi yangu.